Ala-Kul, Fann au Inylchek: safari ipi ya kundi katika milima ya Asia ya Kati?

Nitangulize kukiri: goti langu la kulia ni bovu, na ulinganisho huu nimeuandika huku nikilisikiliza. Mwenye magoti mazima anaweza kupunguza nusu ya tahadhari zangu akabaki salama.

Mtu aliyekwishapanda Kilimanjaro akianza kuulizia milima ya Asia ya Kati, swali lake la kwanza huwa urefu. Anaambiwa kipito cha Ala-Kul kiko takriban mita 3,900, anacheka: kambi ya Horombo tu iko 3,720. Anaambiwa kambi ya Inylchek Kusini iko kwenye mita 4,000 hivi, anaikumbuka Barranco na supu yake ya jioni. Basi anahitimisha kwamba huko ni kwepesi.

Hesabu inapotea hapo. Kilimanjaro ni mlima mmoja. Ukizidiwa usiku pale kambi ya Barafu, wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wanakushika mkono mnashuka, na kila hatua ya kushuka inakusogeza kwenye geti, kwenye gari, kwenye hospitali. Tian Shan ya Kirgizia na Fann ya Tajikistan ni safu nyuma ya safu. Ukishavuka kipito, yaani pale njia inapopanda kigongo cha mlima na kumwagikia upande wa pili, kushuka kunaweza kukutupa kwenye bonde lisilo na barabara, na njia fupi ya kurudi kwa watu ikawa ni kupanda tena ulikotoka. Ndiyo maana safari hizi nazipima kwa maswali mawili kabla sijaangalia picha yoyote: mzigo anabeba nani, na goti likigoma siku ya nne, unatokea wapi?

Nimechagua tatu ambazo kampuni huziuza sana kwa makundi yenye kiongozi. Mbili ziko Kirgizia, moja Tajikistan.

| | Terskey (Ala-Kul) | Fann | Inylchek |
|---|---|---|---|
| Mji wa kuanzia | Karakol | Penjikent au Dushanbe | Karakol |
| Siku za kutembea | 3–4, au 7–9 kwa njia ndefu | 6–8 | 5–6 kwenda tu |
| Mahali pa juu | takriban mita 3,900 | mita 3,860, au 4,740 kwa njia ngumu | takriban mita 4,000, ila ni juu ya barafu |
| Mzigo | farasi, mahali pengine wapagazi | punda | wapagazi na mgongo wako |
| Kutoka ukiugua | bonde lenye njia ya gari, mara nyingi ndani ya siku moja | siku moja hadi mbili | kurudi ulikotoka, au helikopta |
| Miezi | Julai hadi katikati ya Septemba | mwisho wa Juni hadi Septemba | katikati ya Julai hadi Agosti |

Jedwali linasaidia, lakini halitoshi.

Terskey: milima yenye milango mingi

Terskey Ala-Too ni safu iliyo kusini mwa ziwa Issyk-Kul. Ziwa lenyewe liko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, lina urefu wa kilomita 180 na kina cha zaidi ya mita 660, na haligandi hata wakati wa baridi kali. Jina lake ni "ziwa la joto". Karakol iko upande wake wa mashariki, mwendo wa kilomita 400 hivi kutoka Bishkek, yaani siku nzima kwenye gari ukihesabu na vituo vya chai. Ni mji wa wapanda milima: unaweza kukodi hema, jiko na begi la kulalia, na mtungi wa gesi utaununua hapo hapo. Hilo la gesi si dogo, maana mtungi haupandi ndege hata ungemsihi nani.

Njia fupi inaanza katika bonde la Karakol, inapita kambi ya Sirota, inafika ziwa Ala-Kul lililo zaidi kidogo ya mita 3,500, inavuka kipito na kushukia Altyn Arashan. Maji ya ziwa ni ya samawati ya kuoga macho, na bado hata Julai unaweza kuamka hema limefunikwa na theluji. Kinachowashangaza wengi ni mteremko baada ya kipito. Ni mkali, wa kokoto na vumbi, kila hatua inateleza nusu yake. Hapa ndipo magoti hulia, na hapa ndipo fimbo mbili za kutembelea zinalipa nauli yake. Chini yake, Altyn Arashan, kuna chemchemi za maji moto, na wenye nyumba za wageni wamezijengea vyumba vya kuogea. Sijui safari nyingine ya milimani inayoweka maji moto mahali sahihi namna hii.

Njia ndefu, inayojulikana kama Ak-Suu, ni takriban kilomita 110. Inaanzia Jyrgalan, kijiji kilichoishi kwa mgodi wa makaa ya mawe enzi ya Kisovieti na sasa kinajipatia mkate kwa wageni, na inamalizikia Jeti-Ögüz kwenye miamba myekundu inayoitwa "fahali saba". Kila siku au kila baada ya siku moja unavuka kipito: unapanda, unashuka, unakuta bonde na mto, kesho unaanza upya. Mwili unaokuwa hodari kwa kupanda tu utajifunza adabu hapa.

Lakini kila bonde linashuka kaskazini kuelekea Issyk-Kul, na vijiji viko huko chini. Wachungaji wanahamia malisho ya kiangazi, yaani jailoo, tangu Juni hadi Septemba, pamoja na yurta zao (mahema ya duara) na mifugo yao. Maana yake ni kwamba unapita kwenye milima yenye wenyewe. Kuna mtu mwenye farasi, kuna moshi, kuna bakuli la kymyz, maziwa ya farasi yaliyochachuka, utakaloletewa kabla hujauliza. (Onja kidogo siku ya kwanza. Tumbo la mgeni na kymyz huhitaji kutambulishwa taratibu.)

Farasi huyo ndiye anayenifanya niipende Terskey kwa ajili ya kundi. Julai 2022, katika korongo la Juuku lililo kwenye safu hii hii, kipande cha barafu kilianguka kutoka juu na wingu la theluji likalifunika kundi la watalii, Waingereza tisa na Mmarekani mmoja, waliokuwa wakitembea na kiongozi. Mmoja wao aliirekodi kwa simu na video ikazunguka dunia nzima. Wote walinusurika. Aliyeumia zaidi alichanika goti, akapandishwa juu ya farasi wa msafara hadi mahali pa matibabu. Hawakusubiri helikopta. Mnyama wa msafara ndiye aliyegeuka kuwa ambulensi.

Usidhani hata hivyo farasi wanakwenda kila mahali. Upande wa ziwa Ala-Kul njia ni kali mno kwa mnyama mwenye mzigo, kwa hiyo kampuni hukodi wapagazi kwa kipande hicho au hupeleka mizigo kwa kuzunguka. Uliza kabla ya kulipa: siku ya kipito, begi langu linapita wapi? Ukijibiwa "usijali", jali.

Kasoro ya Terskey ni umaarufu wake. Julai na Agosti njia fupi ya Ala-Kul imejaa watu, kambi zinapangana, na kwenye kipito unaweza kusubiri zamu ya kupiga picha. Hali ya hewa nayo ina tabia zake: asubuhi anga safi, alasiri radi na mvua ya mawe. Kiongozi mzuri anakuamsha alfajiri ili saa sita mchana muwe mmeshavuka. Ukikuta ratiba inayosema "baada ya chakula cha mchana tunapanda kipito", mwandishi wake hajakaa huko.

Fann: jua, mawe na maziwa

Fann iko kaskazini-magharibi mwa Tajikistan, kati ya safu za Zeravshan na Hisor. Kilele chake kirefu, Chimtarga, kina mita 5,489. Ni milima midogo kwa eneo lakini imebanana: kuta za mawe zinasimama wima juu ya maziwa ya rangi ya firuzi, na kati yake kuna miti ya archa, binamu wa mtarakwa wa milima yetu. Ukivunja kijitawi chake mkononi, harufu utaijua.

Wengi huingia kupitia Samarkand, Uzbekistan. Penjikent iko kama kilomita 60 tu kutoka hapo, na mpaka uliokuwa umefungwa tangu 2010 ulifunguliwa tena Machi 2018. Ufunguzi huo ulibadilisha kabisa hesabu ya safari hii. Kabla yake ulilazimika kuzunguka mbali. Sasa unaweza kuamka Samarkand, ukatazama vigae vya Registan, na jioni ukawa kambini Artuch, kambi ya wapanda milima iliyojengwa enzi ya Kisovieti kwenye mita 2,200 hivi. Kumbuka tu kwamba hizo ni nchi mbili, na viza mbili. Ukitoka Uzbekistan kuingia Tajikistan kisha ukarudi Tashkent kupanda ndege, viza yako ya Uzbekistan lazima iruhusu kuingia mara ya pili. Nimeona watu wazima, wenye shahada, wakisahau hili.

Kutoka Artuch mnapanda kwenye maziwa ya Kulikalon, mnavuka kipito cha Alauddin, mita 3,860, mnashukia maziwa ya Alauddin. Hadi hapo ni safari ya mtu wa kawaida mwenye mazoezi. Baadaye njia inagawanyika, na hapa ndipo unapopaswa kujua umenunua nini. Kampuni nyingine zinazunguka kwa vipito vya chini kama Laudan, mita 3,630, na kukurudisha salama. Nyingine zinakupeleka juu hadi maziwa ya Mutnye kisha kuvuka kipito cha Chimtarga, mita 4,740. Hicho ni juu kidogo ya kambi ya Barafu, na hakuna njia iliyosawazishwa kwa miaka ya miguu ya watalii. Ni kokoto zinazoporomoka, na mapema katika msimu ni theluji. Matangazo yote mawili yataandikwa "Fann, siku saba". Soma majina ya vipito na uache vivumishi.

Mzigo hubebwa na punda, na mwenye punda ndiye mtu muhimu kuliko wote baada ya mpishi. Punda wanavuka Alauddin bila shida, ila Chimtarga ni habari nyingine, na mizigo huzungushwa au kubebwa na watu. Punda hambebi mgonjwa aliye mtu mzima vizuri kama farasi. Ndiyo maana kwenye jedwali nimeandika siku moja hadi mbili: ukiumia karibu na Alauddin, kuna njia ya gari bonde la chini upande wa Dushanbe, ukiumia nyuma ya Chimtarga, upande wa ziwa Bolshoe Allo, una mwendo mrefu wa kushuka kwenye korongo lenye mawe makubwa.

Anga ndilo zawadi ya Fann. Kiangazi cha huko ni kikavu. Agosti unaweza kukaa wiki nzima bila tone la mvua, mchana jua linachoma kama la Dodoma na usiku maji ya chupa yanaganda ukiwa kambi za juu. Mtu anayechukia kutembea ndani ya koti la mvua achague Fann wala asisome zaidi.

Kuna jambo jingine, dogo kwa ratiba lakini kwangu kubwa. Kitajiki ni Kiajemi, na Kiajemi kilifika pwani yetu zamani sana pamoja na majahazi; maneno ya Kiarabu nayo yamekwenda pande zote mbili. Mwenye punda akisema *safar*, umemwelewa. *Kitob*, *vaqt*, *asal*, *sobun*, *rang*, *dunyo*: kwa hayo hutahitaji kamusi. Mezani wataleta *palav*, wali wa mafuta na karoti na nyama ya kondoo, ndugu wa pilau asiyejua karafuu wala mdalasini. Wakirgizi nao wanasema *sapar*, lakini lugha yao ni ya Kituruki na masikio yetu yanakamata neno moja moja tu. Jioni kambini Fann, kucheza mchezo wa kutafuta maneno ya pamoja kulivunja ukimya wa kundi zima.

Inylchek: unapotembea juu ya barafu

Hii sitaieleza kwa urefu kama nyingine, kwa sababu wanaoifaa wanajijua.

Inylchek Kusini ni mto wa barafu wenye urefu wa takriban kilomita 60, mashariki kabisa mwa Kirgizia, kwenye mpaka wa China na Kazakhstan. Mwisho wake mnatazamana na Khan Tengri, mita 7,010 ukihesabu kofia yake ya barafu, piramidi ya marumaru inayogeuka nyekundu jua linapozama. Wakirgizi huita Kan-Too, mlima wa damu. Upande wa pili ni Jengish Chokusu, ambao Warusi huuita Pobeda, mita 7,439, mlima wa kaskazini zaidi kati ya yote yenye kuzidi mita 7,000, ukiacha Khan Tengri na kofia yake ya barafu. Kwa mtembeaji asiyekusudia kupanda vilele, ni vigumu kupata mahali pengine ambapo miguu yake tu itampeleka kati ya majitu kama hayo.

Lakini angalia njia yenyewe. Siku za mwanzo ni bonde, nyasi na mto. Kisha mnaingia kwenye mawe yaliyoburutwa na barafu, vilima vya kifusi vilivyolala juu ya barafu inayosogea, na mawe hayajatulia. Hakuna njia, kuna uzoefu wa kiongozi. Unaweza kutembea saa nane na kifundo cha mguu kikawa kimefanya kazi kuliko mapafu. Farasi wanaishia chini. Kuanzia hapo mzigo ni wa wapagazi, ambao kule ni wachache na ghali, na wa mgongo wako.

Katikati ya njia lipo ziwa Merzbacher, lililopewa jina la mpelelezi Mjerumani Gottfried Merzbacher aliyefika huko mwanzoni mwa miaka ya 1900. Limezuiwa na ukuta wa barafu, na karibu kila kiangazi maji yanapenya chini ya ukuta huo, ziwa linatoweka ndani ya siku chache, na mafuriko yanashuka mto Sary-Jaz hadi China. Kundi moja linapiga picha vipande vya barafu vinavyoelea. Kundi la wiki inayofuata linakuta shimo la matope.

Makundi mengi hutembea kwenda na hurudi kwa helikopta kutoka kambi ya Inylchek Kusini. Hapo ndipo mtego ulipo. Helikopta inategemea hewa, msimu ni mfupi, na mawingu yakitanda mnakaa kambini siku moja, mbili, tatu. Anayenunua tiketi ya ndege ya Bishkek kwa kesho yake ya kurudi anajitafutia presha. Weka siku tatu za akiba, na kama hewa ni nzuri, utazimalizia ufukweni mwa Issyk-Kul.

Na usiitegemee helikopta kama kamba ya uokoaji isiyokatika. Agosti 2025 mpandaji wa Kirusi aliyevunjika mguu juu sana kwenye Pobeda hakuweza kushushwa. Hewa ilikuwa mbaya, helikopta moja iliyopelekwa ilitua vibaya, na juhudi zikasitishwa. Ni kweli kwamba yule alikuwa juu mno, ambapo mtembeaji hafiki. Hata hivyo helikopta hizo ndizo hizo, na anga ni hilo hilo.

Eneo lote ni ukanda wa mpaka na linahitaji kibali maalumu, ambacho kampuni hukuombea mapema kwa nakala ya pasipoti. Huwezi kuamka Karakol ukaamua.

Faragha pia niiseme wazi, maana dada zetu huuliza kwa kunong'ona: kwenye kifusi cha Inylchek hakuna mti wala kichaka. Fann kuna mitarakwa na majabali. Terskey kuna choo cha shimo kwenye kambi nyingi, chenye mandhari mazuri na harufu isiyo na mandhari.

Kundi lenyewe

Tumezoea Kilimanjaro, ambako mgeni mmoja anaweza kuwa na watu watatu au wanne nyuma yake. Huko Asia ya Kati kundi la watu kumi litakuwa na kiongozi, msaidizi, mpishi na wenye wanyama. Hema utalisimamisha mwenyewe. Maji ya kunawa hayaletwi mlangoni. Usitarajie pia mtu wa kukuimbia "pole pole": viongozi wengi wanatembea mwendo wa mlima wanaoujua tangu utotoni, wanasimama kwenye kigongo kukusubiri, na ukifika ukihema wao wameshapumzika na wanaondoka. Uliza kama msaidizi hutembea nyuma ya mtu wa mwisho. Jibu la swali hilo limenieleza zaidi kuhusu kampuni kuliko nyota zote za mtandaoni.

Uliza pia kiongozi anazungumza lugha gani. Kirusi kimeenea kote huko. Kiingereza kina watu wake. Kirgizia ina mtandao wa utalii wa jamii, CBT, ulioanzia Kochkor kwa msaada wa shirika la Uswisi la Helvetas, na kupitia huo unaweza kupata mwenye farasi na chumba kwa familia bila kampuni kubwa. Ni nafuu na pesa inabaki kijijini. Lakini kwa safari ya siku nane yenye watu wa uwezo tofauti, bado ningetaka kampuni yenye simu ya setilaiti mkononi mwa kiongozi. Mabondeni simu ya kawaida ni tochi tu.

Kuhusu mwinuko, kanuni ni ile ile ya madaktari wa milima: ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 hivi za mahali pa kulala kwa usiku mmoja, na pumzika siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Chukua ratiba, andika urefu wa kila kambi pembeni, kisha toa wa jana kwenye wa leo. Ratiba ya Ala-Kul ya siku mbili, inayokulaza karibu na ziwa usiku wa kwanza ukitokea Karakol, inafeli mtihani huo mchana kweupe. Ya siku nne inapita.

Bima nayo isomwe maandishi madogo. Nyingi hukomea urefu fulani, na nyingine huhesabu kutembea juu ya barafu kuwa upandaji milima. Kwa Inylchek hilo peke yake linaweza kuamua.

Kwa nini Pamir haimo

Nitaulizwa. Pamir ya Tajikistan ni nzuri hadi inatisha, na Mwismaili wa Dar es Salaam au Nairobi atakuta huko Khorog watu wa jamaa yake na kazi za taasisi za Aga Khan anazozijua nyumbani. Lakini "safari ya Pamir" inayouzwa kwa makundi kwa kawaida ni safari ya gari kwenye barabara ya M41, pamoja na matembezi ya siku moja moja. Unavuka Ak-Baital, mita 4,655, ukiwa umekaa. Pia inahitaji kibali cha GBAO, mkoa wa Gorno-Badakhshan ilimo Pamir, juu ya viza. Ni ulinganisho mwingine.

Gharama, na ningechagua ipi

Kutoka Afrika Mashariki unapita Istanbul au Dubai. Walioko Ghuba wako karibu kuliko sisi sote na wanaweza kufanya njia fupi ya Ala-Kul ndani ya likizo ya wiki moja. Milimani kwenyewe Ala-Kul ndiyo nafuu, Fann inafuata kwa sababu ya magari ya kukodi na nchi mbili, Inylchek inaziacha mbali kwa sababu ya helikopta. Usilinganishe bei kabla hujajua kama wapagazi, kibali, usafiri wa kutoka mjini na usiku wa akiba vimo ndani. Katika safari hizi, kinachoachwa nje ya bei huwa ndicho kikubwa.

Kwa kundi la marafiki wenye uwezo tofauti, mmoja ana kisukari, mwingine hajawahi kulala hemani: Terskey, siku nne, mwanzoni mwa Septemba ambapo umati umepungua. Kwa watu wawili watatu waliokwishafanya Meru au Lenana na wanaotaka kutembea siku nyingi mfululizo: Ak-Suu nzima, na farasi mmoja wa ziada ambaye habebi kitu. Kampuni itashangaa. Lipa.

Fann ningempa mtu anayependa jua, mawe na historia, na ningemwambia akatae Chimtarga mwaka wa kwanza. Inylchek ningempa yule ambaye amesoma sehemu yake hapo juu na badala ya kuogopa ameanza kutafuta tarehe. Akumbuke kuomba kibali cha mpaka mapema, na viatu avivunje ugumu nyumbani, kwenye kokoto za reli kama hana mlima karibu.

Mimi na goti langu tunarudi Altyn Arashan. Safari hii tutaanzia huko chini, tupande kipito kwa upande wa kokoto na kushuka kwa upande wa ziwa.